Nakuru Yapanda Juu: Kelele Atazisikia Nani, Taka Atazibeba Nani?

Ukiingia Nakuru kwa barabara kutoka Nairobi, ndugu msomaji, jaribu kupata kiti cha dirishani. Ukishapita Lanet utauona mji wote umelala kwenye mteremko mmoja. Upande wako wa kulia ni Menengai, ambao watu huuita mlima ingawa kwa kweli ni ukingo wa shimo kubwa lililoachwa na volkano. Upande wa kushoto, kule chini, ni Ziwa Nakuru. Mji umebanwa hapo katikati. Kinachodondoka juu huteremka, na kinachoteremka huishia ziwani, na ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea. Mito huingia na hakuna hata mmoja unaotoka. Tafadhali liweke akilini jambo hilo, maana tutalihitaji kabla hatujaagana.

Jina la mji linatokana na neno la Wamaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Reli ilifika hapa mwaka wa 1900, na miaka minne baadaye pakatangazwa kuwa mji. Mnamo Desemba 1, 2021, Rais Uhuru Kenyatta aliukabidhi hati ya kuwa jiji, la nne nchini baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202 katika kaunti nzima, wa tatu kwa wingi nyuma ya Nairobi na Kiambu. Hao wote wanahitaji mahali pa kulaza ubavu, na kwa kuwa huku kuna mlima na kule kuna maji, mji ambao zamani ulikuwa ukitanda sasa umeanza kupanda juu.

Katika mtaa wa Bondeni umesimamishwa mradi wa nyumba 605 za bei nafuu, maghorofa yanayotazama mapaa ya mabati ya majirani zao. Mingine ya aina hiyo inaendelea kujengwa nchini chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, ambayo humkata mwajiriwa asilimia 1.5 ya mshahara wake na kumdai mwajiri atoe kiasi kama hicho. Basi hata kama hujawahi kuikanyaga Nakuru na huna haja ya kuhamia huko, jengo kama hilo popote litakapojengwa lina kipande chako ndani yake. Una haki ya kuuliza limejengwaje.

Nataka tutembee pamoja tukitazama mambo mawili ambayo hayaonekani kamwe katika picha za siku ya kukata utepe: kelele na taka. Ukiwauliza watu, watakuambia hayo ni mambo ya tabia. Jirani hana adabu, wapangaji ni wachafu, watoto hawakulelewa. Mimi sikubaliani nao, au nakubaliana nao kidogo tu. Sehemu kubwa ya kelele na taka za nyumba za umma huamuliwa kwenye meza ya mchoraji ramani na katika karatasi za kandarasi, miaka miwili mitatu kabla mpangaji wa kwanza hajapakia godoro lake kwenye mkokoteni.

Hebu tuanze na mitaa ya zamani. Kivumbini, Flamingo, Kaloleni na Bondeni yenyewe ni mitaa ya baraza iliyojengwa enzi za ukoloni na miaka iliyofuata, na unaweza kuifikia kwa miguu kutoka katikati ya mji. Kivumbini! Mji wa vumbi nao ukajizalia mtaa wenye vumbi katika jina. Humo utakuta vijumba vya chumba kimoja au viwili vimepangwa safu safu, ua katikati, mfereji wa maji wa pamoja, vyoo vya pamoja, kamba za nguo zikivuka huku na huku. Si maisha ya kifahari, na asikudanganye mtu anayeyasifu akiwa mbali nayo. Foleni ya choo saa kumi na moja alfajiri haina ushairi wowote.

Lakini tazama jinsi kelele zilivyokuwa zikitawaliwa. Mtoto aliyepiga debe uani alijulikana ni wa nani. Redio iliyopaa ilikuwa na mlango wake, na mlango ulikuwa na mama fulani, na mama fulani alikuwa na jina, na hodi moja ilitosha. Taka vilevile. Maganda ya viazi yaliyotupwa mbele ya mlango yalikuwa na mwenyewe. Kila uchafu ulikuwa na uso.

Sasa mpandishe mama huyo huyo hadi ghorofa ya tano. Kelele zinatoka darini. Anayeburuta viti juu ya kichwa chake saa nne usiku hamjui, hajawahi kumwona, na huenda aliye juu hajui kabisa kwamba kiti chake kinasikika chini. Taka zimeachwa kwenye ngazi usiku, na ngazi ni ya watu ishirini. Mtu hakubadilika tabia kwa kupanda ngazi. Kilichobadilika ni jengo, na jengo ndilo lililopaswa kuchukua kazi iliyokuwa ikifanywa na ua.

Je, jengo linaweza kuifanya kazi hiyo? Linaweza, na wala si kwa uganga. Sauti inayosafiri hewani, kama vile maongezi, redio au kilio cha mtoto, huzuiwa zaidi na uzito. Kanuni ya wahandisi ni kwamba ukiongeza uzito wa ukuta maradufu unapunguza sauti inayopenya kwa desibeli tano au sita hivi, na ukipunguza desibeli kumi sikio huhisi kama kelele zimekatwa nusu. Ukuta wa jiwe la inchi tisa, lile la machimbo ambalo mafundi wetu wamelizoea, ni mlinzi mzuri. Tofali jepesi lenye matundu, lililopigwa lipu nyembamba upande mmoja, ni mlinzi anayesinzia.

Hapa Bonde la Ufa lina mtego wake. Ukanda huu wote, kuanzia Longonot kwenda Naivasha na Gilgil, una mawe mepesi ya volkano yenye vinyweleo, yale yanayoelea ukiyatia majini. Tofali lake hubebeka kwa urahisi na huzuia joto la mchana na baridi ya usiku, na Nakuru, ikiwa kiasi cha mita 1,850 juu ya bahari, usiku wake unaufahamu. Lakini kinachozuia baridi si lazima kizuie sauti. Ndivyo ilivyo pia kwa paneli za EPS, zile za povu jeupe lililowekwa wavu wa chuma na kupigwa saruji pande zote, ambazo Shirika la Kitaifa la Nyumba lina kiwanda chake huko Mavoko. Ujenzi wake ni wa haraka na hauna zile nyundo za kutwa nzima. Sioni kosa kuzitumia. Kosa ni kuzitumia baina ya chumba cha kulala cha familia moja na sebule ya familia nyingine bila kupima kwanza sauti inayopita, kisha kumlaumu mpangaji ati anaongea sana.

Sauti ya hatua ni mdudu mwingine kabisa. Hii haipiti hewani. Inaingia ndani ya zege lenyewe na kushuka kupitia kuta. Sakafu ikiwa ni zege tupu lililobandikwa vigae, kila kinu kinachotwanga njugu juu kinatwanga kichwani mwa aliye chini. Dawa yake ni tabaka laini, kama mkeka wa mpira, linalotandazwa kati ya zege na sakafu ya juu wakati wa ujenzi. Ni kitu kidogo, na kwa sababu hakionekani, mwanakandarasi akibanwa na bajeti ndicho cha kwanza kukatwa. Baadaye hakirudishwi tena ila kwa kubomoa sakafu.

Kuna na yale yasiyogharimu hata shilingi: choo kikae juu ya choo, jiko kando ya jiko, milango ya majirani isitazamane kama ndondi, na pampu ya maji isifungwe ukutani chini ya chumba cha mtu. Haya ni ya penseli na kifutio tu.

Unaweza kuniuliza, msomaji, kwa nini nishikilie hivi jambo la sauti wakati kuna watu wasio na nyumba kabisa. Swali ni la haki. Jibu langu liko New York, mahali panapoitwa Bridge Apartments, minara minne ya makazi iliyojengwa juu kabisa ya barabara kuu. Mwaka wa 1973 watafiti watatu, Cohen, Glass na Singer, walitoa matokeo ya kuwapima watoto waliokuwa wakiishi humo. Waliokaa ghorofa za chini, karibu na magari, kwa miaka minne au zaidi, walikuwa dhaifu kuliko wa juu katika kutofautisha sauti za maneno yanayokaribiana na katika kusoma. Walikuwa wa jengo moja, na lililowatenga ni ngazi tu. Mtoto aliyezoea kuziba masikio yake dhidi ya kelele huyaziba pia dhidi ya mwalimu.

Kisha kumbuka kwamba barabara kuu ya kutoka Mombasa kwenda Uganda inapita kifuani mwa Nakuru, na malori hayalali. Mwanafunzi wa kidato cha nne katika ghorofa la pili kando ya barabara hiyo anaufanya mtihani wake akiwa amebeba mzigo ambao mwenzake wa Milimani haujui. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 usiku. Sheria zetu haziko mbali sana na hapo. Kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kikomo cha desibeli 45 mchana na 35 usiku ndani ya nyumba za makazi.

Kanuni hizo hizo zinawahusu wajenzi pia, na hapa ndipo wengi hushangaa. Mjengo ulio katika eneo la makazi hautakiwi kuzidi desibeli 60 mchana. Sitini ni kiasi cha sauti ya watu wawili wanaoongea kawaida. Msumeno wa kukatia mawe, ukisimama karibu nao, hupita tisini bila kujitahidi. Nakuambia hivyo si kwa kuwacheka walioandika kanuni, bali kwa kuwa inaonyesha kwamba mjengo hauwezi kuitimiza kwa kumwambia fundi apige polepole. Ni lazima kazi ya kelele ihamishwe: mawe yakatwe kulekule machimboni kwa vipimo vinavyotakiwa, vyuma vipindwe karakanani, jenereta na mashine ya kuchanganya zege vipelekwe kona ya mbali na nyumba za watu na kuzungushiwa ua. Singapore, ambako watu wapatao wanane katika kila kumi huishi katika nyumba za umma, ilipiga marufuku tangu 2011 kazi za ujenzi siku ya Jumapili katika mijengo mipya iliyo karibu na makazi. Nao wana haraka ya kujenga kama sisi, kama si zaidi.

Cha kufurahisha ni kwamba kelele na taka za mjengo ni mapacha. Kinachopiga kelele aghalabu ndicho kinachozaa taka. Chukua mfano huu, nao hauhitaji digrii. Tofali la kawaida la saruji pamoja na kiungo chake hukalia milimita 400. Ukuta wa mita 3.2 unameza matofali manane kamili. Mchoraji akiandika mita 3.1, kwa sababu tu kalamu yake imesimama hapo, kila mstari utadai tofali moja likatwe. Ukuta wa mita 2.4 kwenda juu una mistari kumi na miwili: mikato kumi na miwili, makelele kumi na mawili, vipande kumi na viwili vya kutupa. Zidisha kwa kuta za nyumba moja, kisha zidisha kwa nyumba mia sita. Sentimita kumi zimezaa malori ya kifusi, na malori hayo yamenunuliwa, yamelipiwa usafiri wa kuja, na sasa yanalipiwa usafiri wa kwenda kutupwa.

Wako wanaojaribu njia nyingine. Wizara inayohusika na nyumba imekuwa kwa miaka kadhaa ikieneza mashine za kushindilia matofali ya udongo yanayofumana. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, tofali hukauka bila kuchomwa kuni, na kwa kuwa linashikana na mwenzake kama meno, saruji ya kujengea hupungua sana. Hakuna nyundo kubwa, hakuna kifusi kingi. Ila Nakuru lazima uangalie. Udongo wetu mwingi ni majivu ya volkano, mwepesi, usioshikana, ule unaofunguka nyufa na makorongo mvua kubwa ikinyesha. Upimwe kabla, tena kila kiwanja peke yake.

Na kifusi chenyewe si takataka mpaka ukifanye takataka. Katika mji wenye makorongo kama huu, vipande safi vya mawe na zege hutafutwa sana na wenye ploti wanaojaza mashimo. Lakini kikichanganywa na mifuko ya saruji, misumari, makopo ya rangi na zile chembe nyeupe za povu ambazo upepo huzirusha kama theluji, hakuna anayekitaka tena. Kutenga marundo manne kiwanjani tangu siku ya kwanza ni kazi ya kibarua mmoja. Kuyatenga baadaye hakuwezekani.

Haya, tupande sasa. Chukua barabara ya kuelekea Kabarak hadi upande wa London. Naam, Nakuru nayo ina London yake, na ukifika utajua hapana Malkia wala Mfalme. Hapo kwenye mteremko wa Menengai ndipo lilipo jaa la Gioto. Utalinusa kabla hujaliona. Moshi, ndege, mifuko, na watu walioinama wakichakura: wengine chupa, wengine vyuma, wengine chakula. Wapo wanaolea watoto kwa kazi hiyo, kwa hiyo tusiongee juu yao kama sehemu ya uchafu. Kazi wanayoifanya ya kutenganisha ndiyo ambayo mimi na wewe tuliikataa jikoni kwetu.

Simama hapo juu ugeuke uangalie chini. Mji wote uko mbele yako, na nyuma ya mji ni ziwa. Jaa liko juu, watu katikati, maji chini. Mvua ikinyesha, unafikiri kinachoteremka ni maji matupu? Ziwa Nakuru lilitambuliwa mwaka wa 1990 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar. Katika muongo wa 2010 maji yake yalipanda sana hadi yakafunika lango kuu la zamani la hifadhi, magadi yakazimuliwa, na heroe wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Kupanda kwa maji si kosa la mifuko ya taka, nisije nikasingiziwa. Lakini ziwa lisilo na mlango wa kutokea linapoufuata mji, uchafu uliokuwa ukingoja kandokando unakuwa sasa umo ndani.

Kwa haki, Nakuru si mji uliolala. Mwaka wa 1995, chini ya mpango wa Umoja wa Mataifa uliotokana na mkutano wa mazingira wa Rio wa 1992, ulichaguliwa kuwa miongoni mwa miji michache ya kujaribu maendeleo yanayojali mazingira, pamoja na Essaouira wa Moroko na Vinh wa Vietnam, na ukafanya urafiki na mji wa Leuven huko Ubelgiji. Baadaye wakusanya taka waliungana katika ushirika wa NAWACOM na kuanza kugeuza mabaki ya vyakula kuwa mbolea. Na kampuni ya maji, NAWASSCO, kupitia tawi lake la NAWASSCOAL, hufanya jambo ambalo wageni hulisikia wakacheka kwanza kisha wakanyamaza: hukausha tope la vyoo, hulichoma kuwa makaa, hulichanganya na vumbi la mbao lililochomwa vilevile, na kulifinyanga kuwa vibonge vya kupikia. Havinuki. Umetazama hapo kuwa taka mbili, ya chooni na ya seremala, zimekutana zikageuka ugali?

Basi tatizo si kwamba hatujui la kufanya. Tatizo ni lile korido baina ya jiko la ghorofa ya tano na lori. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zitenganishwe zinapotoka, zinazooza mbali na zisizooza. Ni sheria nzuri, lakini itatekelezwa wapi katika jengo ambalo mchoraji hakuliachia chumba cha taka? Familia ya watu watano inayopika githeri, sukuma wiki na viazi huzalisha maganda kila siku, na maganda hayangoji Ijumaa. Pasipokuwa na mahali penye kivuli, maji ya kusafishia na njia ya lori kuingia na kugeuka, wapangaji watatengeneza mahali pao wenyewe, na patakuwa chini ya ngazi. Baada ya miezi miwili panya watakuwa wamehamia bila kulipa kodi.

Hapo ndipo tunapofika kwenye usimamizi, neno linalochosha masikio lakini linaloua majengo. Marekani, katika mji wa St. Louis, serikali ilijenga mtaa wa Pruitt-Igoe: maghorofa 33 ya orofa kumi na moja kila moja, yakakamilika katikati ya miaka ya 1950 yakisifiwa sana. Fedha za matengenezo zilitarajiwa kutoka kwenye kodi za wapangaji wenyewe. Wapangaji wakapungua, kodi ikapungua, lifti zikakwama, taka zikajaa, wengine wakahama, kodi ikazidi kupungua. Mwaka wa 1972 serikali ikaanza kuyalipua kwa baruti majengo yaliyokuwa hayajafikisha hata miaka ishirini. Wengi walimlaumu msanifu. Mimi humlaumu yule aliyepiga hesabu ya kujenga akasahau hesabu ya kufagia.

Kwetu, anayenunua fleti katika jengo la pamoja anaingia chini ya Sheria ya Mali ya Visehemu ya 2020, inayotaka wenye nyumba wawe na shirika lao la kusimamia ngazi, paa, mifereji na maeneo yote ya pamoja, na kuchangia gharama zake. Watu wengi hutia sahihi bila kusoma. Wanahesabu malipo ya mwezi ya nyumba na kusahau ada ya huduma, kisha ada ikidaiwa wanaiona kama utapeli. Lakini ada hiyo ndiyo mfagiaji, ndiyo taa ya ngazini, ndiyo lori la taka, ndiyo grisi ya pampu isiyopiga kelele alfajiri. Vilevile mkutano wa shirika hilo ndio ua wa Kivumbini uliopotea. Ndipo mahali pekee ambapo anayeburuta viti na anayesikia viti wanaweza kuonana uso kwa uso na kupatana kwamba baada ya saa tatu usiku kinu kipumzike. Mkesha wa maombi na muziki wa baa vinaweza kuongelewa hapo pia, kabla hamjakimbilia NEMA na polisi na kugeuka maadui wa kudumu.

Iwapo wewe au mtoto wako mtapata bahati ya kuonyeshwa nyumba ya namna hii, iwe Nakuru, Naivasha au popote, usiende asubuhi ya siku ya kazi, wakati jengo zima limenyamaza. Nenda jioni, saa moja hivi, watu wakiwa wamerudi na sufuria ziko jikoni. Ingia chumba cha kulala, funga mlango, nyamaza dakika tano. Gonga ukuta unaowatenga na jirani usikie kama unajibu kwa sauti ya ngoma au ya jiwe. Inama utazame upenyo chini ya mlango, kwa maana sauti hupita palipo na mwanya kama maji. Kisha shuka kwa ngazi, usitumie lifti, unuse kila orofa. Ukifika chini mtafute keateka, msalimie vizuri, na umwulize ni lini lori la taka lilikuja mara ya mwisho. Usimwulize huja lini. Huja lini ni ratiba, na ratiba imebandikwa ukutani. Lilikuja lini ni jambo ambalo atalazimika kulikumbuka.